NANI ALIKUTANA NA NANI, NA SIKU GANI?



Katika masomo ya biolojia tumefundishwa kwamba ugonjwa wa kuambukiza hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Wengi wetu tunatosheka na hapo. Tunasema: mwenye rafiki wengi yuko hatarini, anayekaa peke yake yuko salama. Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Iko swali lingine ambalo tunalisahau: walikutana siku gani? Nani alitangulia kukutana na nani? Sisi wa seksio ya sayansi tumeona vema tulieleze swali hilo katika gazeti letu, sababu hapa Kivu ya Kaskazini kulijibu kumeokoa watu, na kulichelewesha kumeua watu.

1. WAVU USIOKAA

Waliofika Vitshumbi, kwenye Ziwa Edouard, wameona nyavu za wavuvi. Kila fundo limefungwa na mafundo ya jirani, nayo yanakaa vile vile asubuhi na jioni. Watu nao ni kama wavu: mimi najuana na wewe, wewe unajuana na mama muuza chumvi, naye anajuana na shofere wa kamio. Ukichora kwenye karatasi, kila mtu ni fundo, na kila kujuana ni uzi.

Lakini wavu wa watu haukai. Uzi kati yako na mama muuza chumvi unakuwapo dakika mbili tu, halafu haupo mpaka siku ya soko ijayo. Uzi kati yake na shofere unafungwa wakati wa kupakia mizigo, kisha gari linaondoka. Basi ile karatasi inatudanganya. Inaonyesha nyuzi zote kana kwamba ziko pamoja kwa saa moja, kumbe hazikuwa pamoja hata siku moja. Ni ramani bila kalenda.

2. SIKU 4 KWENDA, SIKU 10 KURUDI

Tuchukue watu wanne: Amani, Bahati, Furaha na Dunia. Kila juma wanakutana hivi, wala si zaidi:

Amani na Bahati: Jumatatu.
Bahati na Furaha: Jumatano.
Furaha na Dunia: Ijumaa.

Sasa Amani anatoa habari: "Ati hakutakuwa enterogasio ya matematiki!" Anamwambia Bahati Jumatatu. Bahati anamwambia Furaha Jumatano. Furaha anamwambia Dunia Ijumaa. Habari imemaliza safari kwa siku 4.

Tugeuze. Habari ile ile ianzie kwa Dunia. Anamwambia Furaha Ijumaa. Furaha atamwona Bahati siku gani? Jumatano ijayo, yaani baada ya siku 5. Na Bahati atamwona Amani Jumatatu ya nyuma yake, siku 5 tena. Jumla ni siku 10. Watu ni wale wale, njia ni ile ile. Kwenda ni siku 4, kurudi ni siku 10, na enterogasio imekwisha kufanywa!

Habari haiozi, inaweza kungoja. Lakini ugonjwa mara nyingi haungoji. Tuseme ni ugonjwa ambao mtu akiupata leo, anaweza kuambukiza leo na siku 3 zinazofuata, halafu basi. Ukianzia kwa Amani, unafika kwa wote wanne, kwa maana kila mmoja anamkuta mwenzake baada ya siku 2 tu. Ukianzia kwa Dunia, Furaha anaupata Ijumaa, na mpaka Jumatatu nguvu yake imekwisha. Jumatano anapomsalimu Bahati hampi kitu. Ugonjwa umekufa njiani, wala hakuna dawa iliyouua. Siku tu ndizo zilizouua.

Hili ndilo neno la msingi la makala hii: njia inaweza kuwa moja kwenda na kurudi, lakini wakati hauna kurudi. Ili kitu kipite kutoka kwa mtu wa kwanza hadi wa tatu, lazima wa kwanza na wa pili wakutane kwanza, halafu wa pili na wa tatu, na kati ya mikutano hiyo kile kitu kiwe bado kizima.

3. KILA UGONJWA UNA SAA YAKE

Hapo tunaona sababu magonjwa mawili yakiingia katika watu wale wale hayaendi mwendo mmoja. Kolera ina haraka. Tangu mtu anywe maji machafu mpaka aanze kuhara, ni saa chache mpaka siku 5. Wazee wetu wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walipovuka kuja Goma kwa siku chache tu, wakajaa Kibumba, Katale na Mugunga. Watu wote hao kukutana kwenye maji yale yale, kwa wakati mmoja, na ugonjwa wa haraka namna ile: katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, kwa kolera na magonjwa mengine ya kuhara.

Ebola ina saa nyingine. Mtu akiipata, anakaa siku 2 mpaka 21 bila dalili yoyote, na siku hizo haambukizi. Anaanza kuambukiza dalili zinapoanza, na kadiri anavyozidiwa ndivyo anavyozidi kuambukiza. Maiti yake inaambukiza sana. Ndiyo maana wanganga wanafuata kila mtu aliyemgusa mgonjwa kwa siku 21, si 10 wala 15. Ndiyo maana pia wanangoja siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho kabla ya kutangaza kwamba ugonjwa umekwisha: ni 21 mara mbili.

Tena kuna virusi vinavyolala. Tarehe 7 Februari 2021, miezi saba baada ya ugonjwa ule mkubwa kutangazwa umekwisha, Ebola ilionekana tena upande wa Butembo. Walipochunguza mbegu ya virusi, waliona ni ya ukoo wa ile ya zamani: haikutoka porini upya. Virusi vinaweza kujificha muda mrefu katika sehemu chache za mwili wa mtu aliyepona. Hiyo haimaanishi kumkimbia aliyepona. Kumsalimu, kula naye na kusoma naye darasani si hatari. Inamaanisha tu kwamba uzi unaweza kungoja kuliko tunavyodhani, na aliyepona anahitaji munganga aendelee kumwangalia kwa heshima.

4. WASAFIRI WAWILI WA GOMA

Sasa tuangalie mambo yaliyotokea kweli kwenye barabara yetu hii inayotoka Butembo, kupita Kanyabayonga na Rutshuru, mpaka Goma. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mwaka mzima karibu upite, Goma haikuwa na mgonjwa hata mmoja, ijapokuwa magari yalisafiri kila siku.

Msafiri wa kwanza alikuwa mchungaji mmoja. Alianza kuumwa akiwa Butembo tarehe 9 Julai 2019. Tarehe 12 alipanda bisi, na tarehe 14 alifika Goma. Siku ile ile alienda kwa wanganga, wakamtambua, wakamtenga. Ndani ya bisi walikuwamo abiria wengine 18 na dereva. Waliwatafuta, wakaanza kuwachanja kesho yake. Yeye mwenyewe alifariki, Mungu amlaze. Lakini katika mji ule wenye watu zaidi ya milioni moja, hakuna aliyeambukizwa naye.

Msafiri wa pili alikuwa mchimba dhahabu aliyetoka Mongbwalu, Ituri. Alifika Goma tarehe 13 Julai, yaani siku moja kabla ya yule wa kwanza. Lakini hakuwa na homa. Dalili zilianza tarehe 22. Alikaa nyumbani, jamaa wakimtunza jinsi watu wetu wote wanavyomtunza mgonjwa wao. Ugonjwa ulithibitishwa tarehe 30, na tarehe 31 alifariki. Siku zilizofuata ilionekana kwamba mtoto wake wa mwaka mmoja na mke wake wameambukizwa. Kwa neema hao wawili walipona.

Angalieni vizuri, ndugu. Mtu akituuliza, "Yupi alikuwa wa hatari zaidi?" tutajibu haraka: yule wa bisi, sababu alikaa na watu wengi siku nyingi njiani. Wa pili alikuwa ndani ya nyumba na watu wachache. Kumbe kwa wa kwanza, kati ya kufika na kutengwa hapakupita hata siku moja, na waliomgusa walichanjwa mapema. Kwa wa pili, tangu dalili mpaka kuthibitishwa zilipita siku 8. Tena hizo ni siku ambazo mgonjwa anazidiwa, na mikono ya jamaa inamgusa zaidi. Wingi wa watu si kitu kidogo, lakini hapa hesabu ya siku iliupita wingi wa watu.

Kuna funzo la pili. Kwenye bariere walikuwa wanapima homa ya kila msafiri na kumnawisha mikono. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini kipimo cha homa kinasema mambo ya dakika ile tu. Mtu aliye kama yule wa pili, anayengoja siku 9 tangu afike ndipo aanze kuumwa, anapita bariere zote akiwa na mwili wa baridi. Kipimo hakikudanganya. Kiliulizwa mapema mno.

Chanjo nayo ina siku zake. Waliochanjwa kwanza ni waliomgusa mgonjwa, kisha waliokutana na hao, kama kuzungusha uzio pande zote mbili. Lakini sindano ya leo haikingi leo: mwili unahitaji siku 10 hivi. Basi ni mashindano ya mbio katika wavu: je, uzio utafungwa kabla ugonjwa haujaruka? Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya kutunzia wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, vikachomwa. Kazi ilisimama kwa siku. Miezi ya Aprili na Mei ilifika wagonjwa wapya zaidi ya 100 kwa juma moja. Hakuna aliyeongeza nguvu ya virusi. Virusi vilipewa siku, basi.

Ugonjwa ule ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Waliochanjwa walipita 300,000.

5. WATU HUKUTANA KWA MAFUNGU

Iko jambo lingine. Hatukutani kwa kipimo kimoja kama saa ya ukutani inavyogonga. Tunakutana kwa mafungu: siku ya soko, siku ya Mungu, arusi, kilio. Katikati kunakuwa kimya.

Wataalamu walichunguza jambo hilo kwa simu za mamilioni ya watu, wakatoa matokeo yao mwaka 2011. Waliona kwamba mtu anapiga simu nyingi mfululizo, halafu anakaa kimya muda mrefu. Walipofanya hesabu ya jinsi habari ingetembea katika simu hizo, iliyotembea katika simu za kweli ilichelewa kuliko ile ya simu zilizochanganywa saa zake ovyo. Sababu ni nyepesi. Ukipokea habari fungu likiwa limekwisha, unakaa nayo mpaka fungu lijalo, kama mtu aliyefika sokoni jioni.

Lakini tusijitulize. Fungu lenyewe ni hatari kubwa likiangukia siku mbaya. Kilio cha mtu aliyekufa kwa Ebola kinakusanya jamaa kutoka vijiji vingi, kwa siku ile ile ambayo mwili unaambukiza kuliko siku zote, na kesho yake kila mtu anarudi kwao. Mgonjwa angetafuta kukutana na wote hao mmoja mmoja, asingewamaliza kwa mwaka. Ndiyo maana walisisitiza mazishi ya usalama. Haikuwa kudharau maiti wetu. Ilikuwa kukata fungu lile siku ile.

Shule nazo zimechunguzwa. Mwezi wa Oktoba 2009, katika shule moja ya msingi mjini Lyon, Ufaransa, watoto 232 na walimu 10 walivaa kifaa kidogo kifuani kwa siku mbili. Kifaa kilikuwa kinaandika, kwa kila sekunde 20, nani anatazamana na nani karibu. Ilionekana kwamba watoto wanakaa zaidi sana na wa darasa lao, na madarasa yanachanganyikana hasa saa ya kupumzika na saa ya kula. Kutokana na hayo wataalamu walihesabu kwamba ugonjwa kama gripi ukionekana, kufunga mapema darasa lenye wagonjwa na madarasa yanayochangamana nalo kunaweza kusaidia karibu sawa na kufunga shule yote. Nako Kilifi, pwani ya Kenya, watu 75 wa nyumba 5 walivaa vifaa vya namna hiyo. Kukutana ndani ya nyumba kulikuwa kwingi mno kuliko kukutana kati ya nyumba na nyumba. Basi nyumba ni kuni zilizopangwa karibu karibu. Anayetembea kati ya nyumba ndiye anayebeba kaa la moto, na swali ni kama anatembea siku ambayo kaa bado linawaka.

6. WAVU UNAPOCHANWA

Hapa kwetu wavu unabadilika tena kwa njia ambayo vitabu vya Lyon havikuiona. Mwishoni mwa mwaka 2022 vita ya M23 ilipofika Rutshuru na Kiwanja, jamaa nyingi zilihama kwa siku moja. Mtu aliyekuwa anakutana na watu 10 wa kijiji chake, akajikuta kambini anachota maji pamoja na maelfu. Kisha kolera iliingia katika kambi za karibu na Goma. Tunasema hivi ili tukumbuke kwamba orodha ya jana ya nani anamjua nani haitoshi. Munganga akiuliza, "Umetoka wapi?" jibu zuri lina majina ya mahali na tarehe zake.

7. NA SISI HAPA SHULENI?

Mwisho wa vakansi tunarudi kwa siku mbili tatu kutoka pande zote: Goma, Kiwanja, Tongo na kwingine. Hilo ni fungu letu kubwa la mwaka. Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, ukiumwa sema siku ya kwanza. Usiseme, "Iko malaria tu, itapita." Labda ni malaria kweli, nayo inatibiwa vizuri zaidi mapema. Siku ya kwanza na siku ya nane si kitu kimoja. Tumeona Goma.

Pili, ukiulizwa ulikutana na nani, taja na siku. Kumsaidia munganga si kumshitaki rafiki. Ukisema tu, "Nilikuwa naye," hujasema kitu. "Nilikula naye Jumanne, akaanza homa Alhamisi, nami sikumwona tena": hapo umesema.

Tatu, usimkimbie asiyestahili kukimbiwa. Katika ugonjwa kama Ebola, aliyeachana na mgonjwa kabla dalili hazijaanza hakuupata kwake. Kumwita majina na kumkataa kwenye benchi ni kusoma ramani bila kalenda. Tena ni kumfundisha anayeumwa kesho kunyamaza. Lakini tusichukue sheria ya ugonjwa mmoja na kuiweka juu ya mwingine: surua inaambukiza hata kabla vipele havijatoka. Kila ugonjwa na saa yake.

Nne, aliyewekwa chini ya uangalizi siku 21 asihesabiwe kuwa mfungwa. Apelekewe daftari na salamu. Akivumilia siku hizo, anaukata uzi kwa mikono yake.

ZOEZI

Rudini kwa Amani, Bahati, Furaha na Dunia, na mikutano ile ile ya kila juma. Safari hii ugonjwa unalala kwanza. Mtu akiupata leo, haambukizi mpaka siku ya 3. Anaambukiza siku ya 3, ya 4 na ya 5 tu. Ukianzia kwa Amani akamwambukiza Bahati Jumatatu, utafika wapi? Ukianzia kwa Dunia akamwambukiza Furaha Ijumaa, utafika wapi? Funikeni jibu, mfanye hesabu kwanza.

Jibu: Bahati anaambukiza Alhamisi, Ijumaa na Posho. Jumatano alikuwa bado, na Jumatano ijayo amechelewa. Ugonjwa unakufa kwake. Lakini Furaha anaambukiza Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya Bahati. Bahati naye anaambukiza Posho, siku ya Mungu na Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya Amani. Umefika kote! Ugonjwa wa haraka ulipita upande wa kwenda tu, na huu unaolala unapita upande wa kurudi tu.

Mwenye kupata jibu bila kuchungulia, tunampongeza. Mwenye kuona kosa katika hesabu yetu, atuletee kabla ya gazeti lijalo. Nasi tuendelee kuulizana, nyumbani na shuleni, si "nani" peke yake, bali "nani, na siku gani?"